Faneli 40 za stenlesi na presi ya tani 100

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo Unga Limited, Arusha, tupo mafundi watatu. Mteja wangu wa Moshi anakaanga kahawa na anataka faneli 40 za stenlesi za umbo la koni: mdomo wa juu sentimita 40, wa chini sentimita 10, kimo sentimita 25, unene milimita 1.5. Sampuli ya kwanza niliikunja na kuichomelea mshono mmoja. Ameikataa. Anasema ndani mshono umeota kutu na mafuta ya kahawa yanaganda pale. Nimeona video za spiningi na za haidrofomingi, vyombo vinatoka bila mshono hata mmoja. Mashine ya kukereza ninayo, ya zamani lakini nzima. Dalali mmoja ananiuzia presi ya haidroliki ya tani 100 na anasema inafanya haidrofomingi. Nikope niinunue?

JIBU: Marahaba, fundi. Presi hiyo usiikopee. Sababu nitakupa kwa hesabu, ili dalali akikutajia tani na wewe umtajie bar, kipimo cha presha. Ila nitaanza na spiningi, maana ndiyo iliyo karibu na mkono wako, na video zinaficha jambo moja ambalo lingekugharimu shiti kadhaa za stenlesi kabla hujaligundua.

Spiningi ni hivi. Bati hukatwa duara, likabanwa katikati kati ya kalibu na kichwa cha nyuma cha mashine ya kukereza, vyote vikazunguka pamoja. Fundi anashika mtaimbo mrefu wenye ncha ya mviringo au rola, anauegemeza kwenye kigingi kilichofungwa mbele ya kazi, na kulisukuma bati kidogo kidogo mpaka lilale juu ya kalibu. Hakuna kinachokatwa. Chuma kinahamishwa tu. Nguvu yote inaangukia sehemu ndogo kama ukucha kwa wakati mmoja, na mzunguko wa mashine ndio unaoipeleka sehemu hiyo kila mahali. Ndiyo maana mtu mmoja anaumba kwa mwili wake kitu ambacho presi ingekitakia mamia ya tani. Na kalibu ni moja tu, ya upande wa ndani. Kwa kazi ya vipande 40 hiyo ni tofauti kubwa ya fedha.

Sasa hesabu ya koni yako. Kuna njia mbili za kuipata kutoka kwenye bati bapa, na zinadai maduara tofauti.

Njia ya kwanza ni ya kawaida: bati linakunjwa kuelekea kwenye kalibu kwa mapito mengi, kipenyo kinapungua na unene unabaki karibu ule ule. Hapo eneo la duara lazima lilingane na eneo la koni. Urefu wa ubavu wa koni yako ni milimita 291 na nusu, na ukipiga hesabu ya eneo pamoja na kitako unapata duara la kipenyo cha milimita 549. Weka na la kupunguza ukingoni, useme 570.

Njia ya pili, rola inabanwa karibu sana na kalibu na kulisukuma bati kwa pito moja. Kipenyo cha nje hakibadiliki, kwa hiyo duara la milimita 420 linatosha, lakini unene unapungua kwa kanuni ambayo haina msamaha: unene mpya ni unene wa mwanzo mara saini (ile "sine" ya hesabu za pembe) ya nusu ya pembe ya koni. Nusu ya pembe yako ni nyuzi 31, saini yake ni 0.515. Bati la 1.5 litatoka likiwa 0.77. Ukitaka libaki 1.5 lazima uanze na bati la karibu milimita 3, na stenlesi ya milimita 3 haisukumwi kwa mkono na mtu yeyote. Kazi hiyo ni ya mashine zenye rola za haidroliki.

Basi inabaki njia ya kwanza, na hapo ndipo penye mtego niliousema. Duara la 570 linahitaji nafasi ya milimita 285 kutoka katikati ya mashine hadi bedi, yaani reli za chini za mashine. Mashine nyingi za kukereza zilizopo kwenye karakana zetu zinageuza kipenyo cha milimita 400 hivi juu ya bedi. Utaniambia, "Mzee, yangu ina pengo, kile kipande cha bedi kinatoka." Ndiyo, lakini pengo liko chini ya kichwa cha mbele. Kalibu yako ina urefu wa milimita 250, na duara linabanwa kwenye ncha yake nyembamba, yaani mwisho kabisa, mbali na kichwa. Ukijumlisha na bamba la kushikia kalibu, duara linaangukia karibu milimita 300 mbele, na hapo mara nyingi pengo limeshakwisha. Kabla hujanunua hata shiti moja, chukua rula ukapime sehemu hiyo hasa, si pale karibu na chaki, kile kibanio cha kichwa cha mbele.

Na hata likipita, kuna stenlesi yenyewe. Alumini laini ya milimita 2 utaisukuma huku unapiga soga. Stenlesi ya 304, ile ya kawaida ya vyombo vya chakula, kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyogangamaa, maana muundo wake wa ndani unageuka kuwa mwingine, mgumu zaidi. Sumaku itakuonyesha. Bati jipya la 304 karibu haliishiki sumaku. Baada ya mapito kadhaa utaona sumaku inaanza kung'ang'ania, zaidi pale ulipofanya kazi nyingi. Ukiona imeshika sana na bado kuna safari ndefu, pito linalofuata linaweza kulipasua bati kwenye shingo. Alumini ikigangamaa unaipaka sabuni ya kufulia, unaipasha moto mpaka sabuni iwe nyeusi, inalainika. Shaba nyekundu unaipasha mpaka iive wekundu hafifu na kuitumbukiza majini. Stenlesi haikubali mchezo huo. Inataka nyuzi 1010 hadi 1120 za Selsiasi kisha ipozwe haraka. Ukiipasha kwa gesi ikakaa kati ya nyuzi 425 na 860 kwa muda, kromiamu inaungana na kaboni pembezoni mwa chembe za chuma, na umeshaiharibia ile kinga iliyoifanya iitwe stenlesi. Itaota kutu mbele ya macho ya mteja wako yule yule.

Kwa mkono, stenlesi ya milimita 1 ndiyo naiona ya kiungwana. Ya 1.5 inawezekana kwa mtaimbo wa mikono miwili uliounganishwa kama mkasi, wenye rola mbele, lakini kwa duara la 570 na kwa mtu anayejifunza, hapana. Vipande vitano vya kwanza vitakuwa chakavu, na bei ya chakavu cha stenlesi unaijua.

Sasa nikupe ushauri ambao huenda hukuutarajia: usiukimbie mshono. Ufanyie kazi.

Siku ukiona bendi ya Chuo cha Polisi Moshi ikipita, angalia midomo ya tarumbeta. Mdomo wa tarumbeta nzuri huanza kama kipande bapa cha shaba ya njano, kinakunjwa, kinaunganishwa mshono wa urefu, kinagongwa kwa nyundo, halafu ndipo kinavishwa kwenye kalibu ya chuma na kufanyiwa spiningi mpaka mshono usionekane wala kusikika kwa kidole. Ukingo unaviringishwa juu ya waya. Watengenezaji wa ala wanafanya hivyo kwa sababu umbo ni refu na jembamba mno kulipata vizuri kutoka kwenye duara bapa. Koni yako ina tatizo hilo hilo, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kwa njia hii hesabu zinageuka zote. Koni iliyokwisha kunjwa ina kipenyo cha milimita 400 na kidogo, na upande huo mpana unakaa karibu na kichwa cha mbele, juu ya pengo la bedi. Chuma hakihami mbali, kinasawazishwa tu, kwa hiyo hakigangamai sana na mkono wako unatosha hata kwa 1.5.

Kiolezo cha kukatia: nusu kipenyo cha nje milimita 389, cha ndani milimita 97, pembe nyuzi 185. Nje ongeza milimita 15 za kuviringisha ukingo. Ndani punguza mpaka 82, ili upate ulimi mdogo wa kukunja kwenye ncha ya kalibu. Kichwa cha nyuma kitaubana ulimi huo na utaukata mwishoni. Mafundi wengi wanausahau ulimi, halafu wanashangaa koni inateleza juu ya kalibu na kuzunguka peke yake.

Kuhusu kutu ya mshono wako, sijaiona sampuli lakini nadhani ni moja ya mambo matatu, au yote. La kwanza ni upande wa nyuma. Ulichomelea kwa nje, labda kwa tigi (uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi ya argoni), argoni ikalinda mbele tu. Kwa ndani stenlesi ilipokuwa nyekundu ilikutana na hewa ikachanua vipele vyeusi vyeusi, na kwa ndani ndiko kahawa inakopita. Lazima argoni iwepo na nyuma: tengeneza mfereji wa shaba nyekundu wenye vitundu, uulaze chini ya mshono, gesi ipite polepole kabla, wakati na baada ya kuchomelea. La pili ni grenda. Jiwe lililokwisha kusaga chuma cheusi likigusa stenlesi linapandikiza vumbi la chuma cheusi, na vumbi hilo ndilo linaloota kutu. Nunua mawe na brashi za stenlesi peke yake, uziandike, uzifungie. Karakana ya watu watatu ndiyo inayoshindwa jambo hili kuliko kiwanda, kwa sababu kila mtu anachukua kilicho karibu. La tatu ni bati lenyewe. Iko stenlesi ya 201, yenye manganizi nyingi na nikeli kidogo, inayouzwa kwa jina la 304. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, zote mbili zikiwa mpya hazishiki. Omba cheti cha kiwanda chenye namba inayolingana na iliyopigwa kwenye shiti, au tumia dawa ya matone ya kupimia manganizi. Ile 201 inagangamaa haraka zaidi na kutu inaipata mapema, kwa hiyo inakuharibia mara mbili.

Ile rangi ya bluu na kahawia pembeni mwa mshono nayo si pambo. Chini yake chuma kimepungukiwa kromiamu. Iondoe kwa dawa ya asidi ya kusafishia mishono ya stenlesi, uvae glavu nzito za mpira na miwani, ufanyie nje penye upepo, na usuuze kwa maji mengi. Dawa hizo nyingi zina asidi inayoingia kwenye ngozi na kula mfupa. Usimwachie kijana wa kufagia.

Kalibu. Mninga mkavu unatosha kwa majaribio ya alumini na ningetaka uanze nayo hiyo. Kwa stenlesi 40, mti utabonyea mapema, hasa pale mshono unapopita. Unahitaji chuma. Usikereze kutoka kipande kizima. Koni hiyo ya chuma kitupu ina uzito wa kilo 108 na itazitesa beringi za mashine yako. Kunja bamba la milimita 12, lichomelee, weka pete za kuimarisha ndani, kisha likereze nje mpaka ling'ae. Au usubu. Kule Hai, njia ya Moshi, kuna KMTC (Kilimanjaro Machine Tools), kiwanda cha umma chini ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa ajili ya kutengeneza mashine. Ukapeleke kielelezo cha mti uulize bei ya chuma cha kusubu. Uso wa kalibu ukiwa na mkwaruzo, kila faneli itauchukua, kwa hiyo malizia kwa msasa mwembamba.

Rola unaweza kuitoa kwenye beringi iliyochoka ya gari: pete ya nje, ukingo wake uusage mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 8 hivi, uung'arishe. Kwa stenlesi kuna shida moja, chuma kwa chuma vinashikana na kuchubuana. Ukiona michubuko, ivishe rola pete ya shaba ngumu yenye alumini, ile inayotumika kwenye bushi za mzigo mzito. Na grisi. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchanganywa na sabuni bado ni dawa nzuri, na kwa chombo cha chakula nayapenda kuliko grisi ya gari, kwa kuwa maji ya moto na soda ya kusafishia vinayaondoa yote. Machinjio yapo, hutakosa.

Kusawazisha kwenyewe anza polepole, mizunguko 300 kwa dakika. Mshono uwe umeshasagwa na kugongwa kwa nyundo bapa ukalingana na bati, vinginevyo rola itaupiga mara tano kila sekunde na utausikia mpaka kwenye meno. Hapo rola inaruka na kuacha mawimbi ambayo hayatoki tena. Pitisha rola kutoka ncha nyembamba kuelekea mdomo mpana, kisha urudi. Pito la kurudi lina kazi yake: ukisukuma upande mmoja tu unalivuta bati na kulikonda, ukirudi unalirudishia. Ukingo wa juu ukianza kufanya makunyanzi, mwenzako aweke kipande cha mti mgumu nyuma yake, bati lipite kati ya mti na rola. Makunyanzi madogo yanafutika. Ukiyaacha yakajikunja, kata uanze kingine.

Ukingo uviringishwe juu ya waya wa stenlesi wa milimita 4. Hapo ningemuuliza mteja swali: kwa nini 1.5? Faneli yenye ukingo wa waya, ya milimita 1, haibonyei kwa kahawa. Akikubali, bati linapungua theluthi moja ya uzito na mkono wako unapumua. Wateja wengi hutaja unene kwa sababu chombo cha awali kilikuwa na unene huo.

Usalama kwa ufupi, maana unaujua lakini vijana wako huenda hawaujui. Ukingo wa milimita 400 kwenye mizunguko 500 unakwenda karibu kilomita 38 kwa saa na ni kisu. Usisimame mkabala na ukingo, hata kama ndiyo unaangalia tu. Sagia makali yote kabla ya kubana. Glavu hapana, shali hapana, mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Jioni umeme ukiyumba, toa rola kwenye kazi kwanza ndipo uzime.

Sasa presi ya dalali.

Haidrofomingi inaumba bati au bomba kwa presha ya kimiminika. Badala ya dai mbili za chuma, yaani kalibu mbili zinazolibana bati, moja inakuwa maji au mafuta, mara nyingine nyuma ya ngozi nene ya mpira. Uzuri wake ni kwamba kimiminika kinasukuma sawasawa kila mahali na kulikumbatisha bati kwenye kalibu, kwa hiyo halina mahali pa kukunjika. Nikiwa mkweli kwa teknolojia hiyo, koni ni mojawapo ya maumbo inayoyaweza vizuri, kuliko presi ya kawaida ambako ubavu wa koni unaning'inia hewani na kukunjamana. Huko Cincinnati, Marekani, katika miaka ya 1950 walikuwa wakiitumia kutengeneza midomo ya mabomba ya jikoni. Gari la Corvette la mwaka 1997 lina mihimili mirefu ya fremu iliyotokana na mabomba yaliyotanuliwa hivyo. Zile baiskeli za alumini zenye mabomba yaliyovimba na kupinda kwa namna ya ajabu, zinazopandishwa na watalii njia za Kilimanjaro, ni kazi hiyo. Na fundi wa friji ukimwomba tii ya shaba nyekundu, tawi lake la katikati aghlabu limesukumwa kwa presha kutoka ndani ya bomba huku ncha mbili zikisindikizwa kuingia ndani, ili chuma cha kutosha kifike pale panapotanuka.

Lakini presha inaumba bati na wakati huo huo inataka kuifungua presi. Mdomo wa faneli yako una kipenyo cha sentimita 40, eneo lake ni sentimita za mraba 1,257. Tani 100 ni kilo 100,000. Gawanya: kama kilo 80 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni bar 78. Hiyo ndiyo presha ya juu kabisa ambayo presi ya dalali inaweza kuizuia isifumuke, hata kama pampu yake inatoa bar 700.

Je, bar 78 zinafanya nini? Ili bati liingie kwenye kona, presha inayotakiwa ni nguvu ya chuma mara unene, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona. Stenlesi iliyoanza kugangamaa ichukulie newtoni 500 kwa milimita ya mraba, unene 1.5, kona ya milimita 10: unapata newtoni 75 kwa milimita ya mraba, yaani bar 750. Kwa eneo lako hiyo ni presi ya zaidi ya tani 900. Ukigeuza hesabu, bar 78 zitakupa kona yenye nusu kipenyo cha milimita 96. Utapata bakuli. Wenye viwanda vya magari wanapotanua mabomba hufika hadi bar 4,000, kwa vifaa vya kuzidisha presha ambavyo vinagharimu kuliko mtaa mzima wa karakana. Bomba dogo tu la stenlesi la milimita 50, unene 1.5, linataka bar 150 ili lianze kulegea, kabla halijafuata umbo lolote.

Presi ya tani 100 si kitu kibaya. Ina kazi zake za kukunja, kutoboa, kutoa bushi na beringi. Ukiwa na kazi hizo za kila siku na bei ni ya haki, tuongee siku nyingine. Kuiita mashine ya haidrofomingi ni maneno ya kuuzia.

Iko haidrofomingi moja ambayo karakana yako inaweza kuifanya, naitaja kwa sababu najua ukishasoma haya utaitafuta. Maduara mawili ya bati yanachomelewa ukingoni pande zote, panachomelewa nipeli (kijibomba cha kuingizia maji), maji yanajazwa na kupampiwa mpaka yavimbe. Hakuna dai, hakuna presi. Wachina wa Harbin tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakitengeneza matangi ya duara kwa wazo la aina hiyo. Kwa maduara ya sentimita 40 ya chuma cheusi cha milimita 1, kuvimba sentimita 6 kila upande kunataka kama bar 14, na pampu ya mkono ya mafundi bomba ya kupimia mivujo inafika huko bila taabu. Lakini ukingo unavutwa ndani na kufanya makunyanzi, kwa hiyo yafaa mapambo, taa za hoteli, viti vya ajabu ajabu. Faneli hapana. Ukijaribu, toa hewa yote kwanza kwa kuiinua nipeli iwe juu kabisa. Maji yaliyobanwa mshono ukipasuka yanatema kidogo na kutulia. Hewa iliyobanwa inarusha vipande. Na hizo bar 14 zinausukuma mshono kwa jumla ya karibu tani 18, kwa hiyo usisogeze uso kuangalia kama unavuja. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Inatoa bar 100 na zaidi, tena kwa ghafla.

Kama baadaye mteja atasisitiza koni isiyo na mshono kabisa, tafuta muda wa mashine kubwa badala ya kununua. TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma za kubuni mashine na zana, zote ziko hapo hapo Arusha, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo mikoa yote miwili, na Chuo cha Ufundi Arusha kina karakana. Nenda na mchoro wenye vipimo, uulize swali moja: nani ana mashine ya kukereza inayogeuza milimita 600 juu ya bedi, kwa umbali wa milimita 300 kutoka kichwani. Usiulize kama wanafanya spiningi; wengi watasema hapana, na mashine inayofaa wakawa nayo.

Kwa sasa nunua shiti moja ya kila unene. Tengeneza faneli mbili, moja ya 1.5 na moja ya milimita 1 yenye ukingo wa waya, mishono imesafishwa ndani na nje. Mpelekee Moshi azitumie na kahawa ya moto kwa wiki mbili kabla hajalipa malipo ya awali ya zile nyingine. Akishachagua, mwambie aisaini faneli yenyewe kwa kalamu ya rangi, na hiyo uiweke juu ya rafu kama kielelezo mpaka ya 40 itoke.